Kuurejea Ulaji wa Kiasi Baada ya Israfu



Kila mwaka, Ramadhani inapokwisha na siku za Idi kupita, swali moja huulizwa na wengi, hasa na ndugu walioingia katika Uislam hivi karibuni. Husema: "Tulifunga mwezi mzima ili tujifunze kujizuia, lakini jua lilipokuchwa tulikula kuliko siku zote, na Idi ilipofika tukazidisha. Sasa miili imekuwa mizito na uvivu umetuingia hata katika sala. Je, turudi vipi?"

Swali hili ni jema, nalo halihusu Ramadhani peke yake. Mkoani Shinyanga, mavuno yanapoingia ghalani na pamba inapouzwa, ndipo harusi na karamu huwa nyingi. Katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, mtu aweza kukaa miezi mingi akila ugali mkavu pembeni ya duara, kisha siku dhahabu inapotoka akala kwa juma moja nyama, chipsi na soda kana kwamba njaa yote ya nyuma yapaswa kulipwa kwa pamoja. Basi katika somo hili tutazame mambo matatu: kwanza, israfu katika kula ni nini, pili, ni njia gani ya kurudi isiyofaa, na tatu, ni njia gani ifaayo.

ISRAFU NI NINI?

Kurani Tukufu, katika Sura Al-A'raf (7:32, kwa hesabu inayoanza na Bismillahi), inatuamuru kula na kunywa, na papo hapo inatukataza kupita kiasi. Yafaa tuangalie mpango wa maneno hayo. Amri ya kula imetangulia, katazo limefuata. Chakula si adui wa mcha Mungu. Kinacholaumiwa ni kule kuuvuka mpaka.

Na mpaka huo uko wapi? Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ameuonyesha kwa mfano ulio mwepesi. Katika Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi, amefundisha ya kwamba mwanadamu hakupata kujaza chombo kilicho kibaya zaidi kuliko tumbo, na ya kwamba vyamtosha matonge machache ya kuusimamisha mgongo wake. Na akiwa hana budi kuzidisha, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi aiachie pumzi. Kwa hiyo mtu anayeinuka penye sinia akiwa anahema amekwisha kula sehemu ya pumzi yake.

Hata hivyo, kiasi si kipimo kimoja kwa watu wote. Kijana anayeshuka duarani na kupandisha mawe kutwa nzima, au mama anayelima shamba la mpunga, huhitaji chakula kingi kuliko karani, dereva au mwenye duka anayeketi tangu asubuhi hadi jioni. Hatari huja kazi inapobadilika na sahani isibadilike. Mvua kubwa hunyesha, duara likajaa maji, mchimbaji akakaa bila kazi kwa majuma. Lakini tumbo lake bado ladai ugali ule ule wa siku za kazi. Basi kila mmoja wetu na ajiulize: chakula hiki nakila kwa kazi ya leo, au kwa mazoea ya jana?

NJIA ISIYOFAA: KUUADHIBU MWILI

Mtu akiisha kujiona amezidisha, mara nyingi hukimbilia upande wa pili. Huapa hatakula wali tena, au hukaa na njaa siku tatu, au hununua dawa za kuharisha ili "asafishe tumbo". Adhabu hiyo haina manufaa. Sheria ya Kiislam haiitaki, wala maumbile ya mwili hayaitaki.

Tuanze na maumbile. Mtu akipanda mizani baada ya Idi akakuta amezidi kilo mbili, hudhani amejaa mafuta ya kilo mbili. Mara nyingi sivyo. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, iitwayo glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na gramu zipatazo tatu za maji. Tena chumvi nyingi ya karamu huzuia maji mwilini. Ili kujenga kilo moja ya mafuta, mtu anahitaji ziada ya kilokalori zipatazo 7,700 juu ya mahitaji yake, nayo hiyo si kazi ya mlo mmoja. Kwa hiyo uzito mwingi ulioonekana ghafula utaondoka taratibu mtu akirudi katika mlo wake wa kawaida. Kinachojenga maradhi ni karamu igeuzwayo kuwa desturi.

Ama kujinyima kupita kiasi, matokeo yake yalionekana wazi katika uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, chini ya uongozi wa Ancel Keys. Vijana 36 wenye afya walijitolea kupewa chakula pungufu kwa majuma 24, ili wataalamu wajue namna ya kuwasaidia watu walioteswa na njaa ya vita. Walipungua kama robo ya uzito wao. Lakini jambo la kuzingatia ni hili: mawazo yao yote yaligeuka kuwa ya chakula, wakawa na huzuni na hasira, na walipofunguliwa, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado hawakuona shibe. Basi anayejinyima kwa ukali leo anatayarisha ulafi wa kesho.

Nayo dini ilikwisha kutuongoza. Kurani Tukufu (5:88) inawakataza waaminio kujiharamishia vitu vizuri alivyowahalalishia Mwenyezi Mungu, na palepale inawakataza kuvuka mipaka. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwakataza masahaba zake kuunganisha saumu usiku na mchana bila kufuturu. Na katika Sahihi Bukhari twasoma habari ya Hadhrat Salman r.a. aliyemzuru ndugu yake Abu Darda r.a., akamkuta ameuacha ulimwengu kabisa, akifunga mchana na kutaka kusimama usiku kucha. Salman alikataa kula mpaka mwenyeji wake ale pamoja naye, kisha akamwambia ya kwamba Mola wake anayo haki juu yake, na nafsi yake inayo haki, na watu wa nyumbani mwake wanayo haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari hizo zilipomfikia Mtume s.a.w., alimsadiki Salman.

FUNZO LA NGITILI

Msomaji wa Shinyanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kurudi baada ya israfu. Mfano uko chini ya miguu yake.

Ardhi ya mkoa huu ililiwa kupita kiasi. Kwa miaka mingi misitu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, na ili kupata mashamba ya pamba na kuni; mifugo nayo ikawa mingi juu ya majani machache. Katika miaka ya 1980 nchi ilikuwa kavu hata Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004. Wakati huo mkoa ulikuwa mpana kuliko ulivyo leo, kwani Bukombe, iliyo sasa katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012, ilikuwa sehemu yake.

Penye mafanikio makubwa, siri haikuwa kitu kigeni. Watu waliirudia desturi ya wazee wa Kisukuma iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, kisha hufunguliwa kiangazi majani mengine yanapokwisha. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua, kwa kuwa mizizi ilikuwa hai ardhini. Ngitili zilizokuwa hekta zipatazo 600 tu mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Ndugu msomaji, tazama hekima iliyomo. Mwenye ngitili hawachinji ng'ombe wake wote kwa hasira, wala hafungi malisho yote. Anafunga sehemu, kwa muda unaojulikana, na anangoja. Hapandi msitu kwa siku moja. Anaipa mizizi nafasi. Na mwili wako nao ni hivyo. Ndani yake Mwenyezi Mungu ameweka mizizi ya afya: ini linalosafisha, misuli inayotumia sukari, na hisi ya njaa na shibe. Ukiacha kuikanyaga, itachipua. Saumu ya Kiislam nayo imejengwa juu ya msingi huo huo, yaani kufunga sehemu, kwa muda maalumu, kisha kufungua kwa kiasi.

NJIA IFAAYO

Sasa tuseme hatua zenyewe, ambazo kila nyumba yaweza kuzishika.

Kwanza, anza na mlo unaofuata. Usiseme, "Nitaanza mwezi ujao." Wala usikate tamaa kwa sababu jana ulizidisha, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukila kupita kiasi mchana, basi jioni kula mlo wa kawaida uliopungua kidogo, wala usilale na njaa kwa kulipiza.

Pili, tazama unachokunywa. Soda moja ya mililita 350 huwa na sukari ipatayo gramu 35 hadi 40, yaani yapata vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeshauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku. Anayekunywa soda mbili amekwisha kuvuka kipimo kabla hajaionja chai yake. Basi rudi kwenye maji safi yaliyochemshwa. Na katika chai, punguza nusu kijiko kila juma; ulimi utazoea bila vita.

Tatu, rudi katika chakula cha nyumbani. Wengi wetu tumefundishwa na fahari kuwa wali mweupe, sembe na chipsi ni chakula cha mwenye nazo, na ya kuwa mtama ni wa maskini. Hayo ni makosa makubwa. Ugali wa mtama, wa uwele au wa dona una makapi yanayolishikiza tumbo kwa muda mrefu na kuichelewesha sukari kuingia katika damu. Choroko, kunde, dengu na maharage hujenga mwili. Mgagani, mlenda na majani ya kunde, mabichi au yaliyokaushwa, hupatikana kwa bei ndogo. Maziwa ya mtindi, dagaa na sato wa Ziwa Victoria, ubuyu, ukwaju na maembe katika msimu wake, vyote ni neema za nchi hii. Hata michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni kifungua kinywa bora kuliko maandazi yaliyozama katika mafuta. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, imekuwa ikifundisha siku zote kuchanganya makundi ya vyakula katika mlo mmoja. Kipimo chepesi ni hiki: nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe ugali au wali, na robo iwe maharage, samaki, au nyama kidogo. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka katika chupa. Na chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

Nne, kula polepole, na kula kilicho mbele yako. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuipelekea akili habari ya shibe. Anayemaliza kwa dakika tano amekwisha kula robo saa nzima kabla habari hiyo haijafika. Mtume Mtukufu s.a.w. alimfundisha kijana mmoja, Umar bin Abi Salama r.a., amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Adabu hii ni dawa penye sinia la shirika, maana huko ndiko mtu asikojua amekula kiasi gani. Mwenyeji naye asimlazimishe mgeni kuongeza. Kumkirimu mgeni ni kumpa nafasi ya kusema, "Alhamdulillahi, inatosha."

Tano, tumia saumu za hiari kwa namna yake. Mtume Mtukufu s.a.w. amehimiza saumu sita za mwezi wa Shawwal baada ya Ramadhani, naye alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi. Hizo ni ibada, wala zisigeuzwe kuwa adhabu ya tumbo. Lakini anayezishika kwa nia safi, akafuturu kwa tende na maji, kisha akala mlo mmoja wa kiasi badala ya kuanza na sambusa, kaimati na tambi kwa pamoja, ataiona faida yake katika roho na katika mwili.

Sita, tembea. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, zinamtosha mtu mzima ambaye kazi yake ni ya kuketi. Mwenye duka wa Kahama anayekwenda msikitini kwa miguu alfajiri na jioni, badala ya kupanda bodaboda, amekwisha kupata sehemu kubwa ya dawa yake, tena pamoja na thawabu.

ONYO KWA WENYE MARADHI

Wenye kisukari, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au maradhi ya figo, wanaotumia dawa kila siku, na mama wajawazito au wanaonyonyesha, wasibadilishe mlo kwa ghafula wala wasifunge saumu za hiari kabla ya kumwona daktari. Kadhalika, mtu anayeona kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, macho kufifia, au kukonda bila sababu, asijitibu kwa kujinyima. Aende kituo cha afya apimwe sukari ya damu. Kisukari huweza kukaa miaka mingi kimya, na anayekigundua mapema huepukana na madhara mengi ya macho, figo na miguu.

JAMBO HILI LINAIHUSU ROHO

Huenda msomaji anayeuchunguza Uislam akauliza: dini ina shughuli gani na sahani yangu? Jibu ni kwamba mwili na roho ni majirani wa ukuta mmoja. Seyyidna Ahmad a.s., katika hotuba yake iliyosomwa mjini Lahore Desemba 1896, ameeleza kwa kirefu jinsi hali za mwili, pamoja na chakula, zinavyoathiri tabia na roho ya mwanadamu. Jambo hili twalijua wenyewe. Aliyeshiba kupita kiasi huikuta sala ya Isha nzito kama mlima, na ya alfajiri humpita akiwa usingizini.

Tena ipo haki ya wengine. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha ya kwamba chakula cha wawili chawatosha watatu. Katika machimbo, mmoja hupata na kumi hukosa. Leo dhahabu ni yako, kesho ni ya jirani. Fedha inayomwagwa kwa juma moja la nyama na vinywaji ingeweza kununua magunia ya mahindi kwa familia iliyobaki kijijini na akiba ya ada za watoto. Kurani Tukufu (25:68) inawasifu watumishi wa Mwenyezi Mungu ambao watumiapo hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, bali hushika katikati. Hapo katikati ndipo tunapotaka kurudi.

Basi, ndugu mpenzi, usiifanye njia kuwa nzito. Mtume Mtukufu s.a.w. amesema ya kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo hata ikiwa ndogo. Chagua moja katika hatua tulizozitaja, uishike kwa siku arobaini, kisha ongeza ya pili. Fungu moja la malisho likifungwa vizuri, msimu ujao utayaona majani.

Mwenyezi Mungu atujalie kula vilivyo halali na vizuri, atukinge na ulafi na ubahili, na aipe miili yetu nguvu za kumwabudu na kuwatumikia viumbe vyake. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika Sura Al-A'raf, amri ya kula imetangulia katazo la israfu. Mpango huo unatufundisha nini?
2. Kwa nini kujinyima kwa ukali baada ya karamu hakumfikishi mtu katika kiasi?
3. Mwenye ngitili hufunga nini na huacha nini wazi? Ufananishe mfano huo na mlo wako wa juma hili.
4. Je, kazi yako imebadilika mwaka huu? Na sahani yako imebadilika pamoja nayo?